Kiungo Juu ya Mlango wa Stoo

Ndani ya kuta za nyumba yetu mna nyaya nyingi kuliko mishipa iliyomo mwilini mwangu, na nyingi kati ya hizo nimezivuta mimi. Nalisema hilo mwanzoni kabisa, lisije likapotea huko mbele.

Mume wangu alikuwa fundi umeme. Mtaa mzima unamwita Mzee Shoti, kwa sababu enzi zake akiingia nyumba ya mtu, kabla hata hajasalimia, alinusa hewa na kusema, "Hapa kuna shoti." Na mara nyingi ilikuwepo kweli. Mimi nilikuwa mke wa fundi. Ngazi tuliibeba wawili, yeye mbele, mimi nyuma. Yeye alipanda darini, mimi nilibaki chini nasukuma waya ndani ya paipu naye anauvuta, tunaitana kama watu waliopoteza mbuzi:

"Lete!"

"Chukua!"

"Lete!"

"Umekwama!"

Miaka thelathini na moja tumeitana hivyo kwenye nyumba za watu. Wenye nyumba walipotuletea chai walisema, "Karibu fundi. Na wewe mama, vuta kiti." Fundi hawakuniita hata siku moja. Nami sikuomba. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na heshima ya kuomba ni hivyo hivyo.

Shule sikupelekwa. Kusoma nilijifunza ukubwani, nikiwa na wajukuu tayari, na mpaka leo naandika herufi moja moja kama mtu anayepanda mahindi. Lakini waya niliujua kabla ya herufi. Nipe kipande gizani, nitakuambia kwa vidole kama ni shaba au ni ujanja wa dukani.

Mzee Shoti alikuwa na sheria moja aliyoishika kama dini: waya uende mzima, toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuungwa njiani. "Kiungo ni uongo uliofichwa ukutani," alisema. "Utanyamaza miaka kumi, halafu utasema siku ambayo huna ngazi." Niliwahi kumwona akimrudisha fundi mwenzake kwenda kubomoa jioni ukuta alioupaka rangi mchana, kwa ajili ya kiungo kimoja tu. Urafiki wao ukafia hapo hapo.

Sasa sikilizeni habari ya kamera.

Miaka kumi na tisa iliyopita, tulipokuwa tunamalizia nyumba hii, tajiri mmoja alikuwa anabadilisha kamera za ghala lake. Za zamani alitaka kuzitupa. Mzee Shoti akasema, "Usitupe, nitupie mimi." Tukarudi nyumbani na kamera nne, sanduku lake la kurekodi na rola la waya. Mtaa wetu ulikuwa hauna hata kengele ya mlangoni, sisi tuna kamera! Watu walipita getini wamejipanga vizuri, wengine wamechana nywele.

Siku ya kuvuta waya wa kamera ya nyuma, ile inayotazama kamba ya nguo, Mzee Shoti alikuwa juu ya paa la mteja. Asubuhi aliniambia, "Waya wa nyuma kata pima kumi na nane, uingize kwenye paipu. Nikirudi nafunga ncha."

Pima ni mikono yako miwili ukiinyoosha, toka ncha ya kidole huku mpaka ncha ya kidole kule. Siku zote aliyekuwa anapima ni yeye. Siku hiyo nikanyoosha mikono yangu mimi, nikahesabu kumi na nane, nikakata. Mume wangu ni mrefu, akikunjua mikono utadhani anataka kuruka. Mimi Mungu aliniumba udongo ukiwa umebaki kidogo. Nikasukuma waya, ukaenda, ukaenda, ukafika juu ya mlango wa stoo, ukaisha. Zimebaki hatua tano kufika ukuta wa nyuma, na rola limekwisha, vimebaki vipande sakafuni.

Ningeweza kukaa chini nimsubiri, nimwambie, "Mzee, nimekosea." Maneno mawili tu. Kiburi kikayakalia.

Nikawasha jiko la mkaa, nikatia chuma cha kulehemu mpaka kikaiva. Waya wa kamera una shaba katikati, juu yake plastiki nyeupe, juu yake tena nyuzi nyembamba za shaba zilizosukwa, ndipo ganda jeusi. Nikaunganisha shaba ya kati kwa shaba ya kati, nikaivika plastiki yake. Nikaunganisha nyuzi za nje kwa nyuzi za nje, hata moja isichungulie ndani. Nikalehemu, nikazungushia tepu. Pale juu ya mlango wa stoo tulikuwa tumeacha kishimo cha kuvutia waya kwenye kona. Nikakilaza kiungo humo kama mtoto, nikaziba kwa saruji, nikapaka chokaa.

Jioni mzee akafunga ncha zake, picha ikaja. Akapiga paja. "Unaona, mama watoto? Waya mzima!"

"Naona," nikasema.

Nikaona hivyo miaka kumi na tisa.

Kamera zikazeeka pamoja na sisi. Picha ikaanza kuchakaa kama shuka, kila mwaka inapungua uzi. Mwaka huu nguo zetu zikaanza kupotea kambani, mchana kweupe. Mwanangu wa pili akaja kutazama kwenye runinga. Huyu tunamwita Meneja tangu ana miaka minne, siku tuliyomkuta anawapanga kuku mstari kwa fimbo. Akatazama, akarudisha nyuma, akatazama tena.

"Mama, huyu ni mwizi au ni shuka?"

"Shuka ni lile jingine."

"Lile jingine lina miguu."

Akakata shauri hapo hapo. Kamera mpya, nyaya mpya, kuta zichimbwe toka getini mpaka nyuma, na sisi wazee tukakae kwake wiki mbili mpaka vumbi liishe. Tayari alishaongea na waashi.

Baba yake alikuwa kwenye kiti chake. Mzee Shoti macho yamemtupa. Anaona mwanga na kivuli, basi. Lakini nyumbani kwake hashiki fimbo wala bega la mtu. Anatembea kwa kiganja ukutani. Toka kitandani mpaka varanda anajua kila swichi, kila ufa, kila mahali plasta ilipopanda kidogo. Akauliza taratibu, "Nikirudi, nitagusa nini?"

"Baba, kuta zitakuwepo. Zitazibwa."

"Zitakuwa za mtu mwingine."

Nikasema nyumba hii haipigwi nyundo mpaka aje fundi wa kamera aziangalie nyaya zenyewe. Meneja akavuta pumzi ndefu ya kikubwa, akakubali.

Jumamosi asubuhi fundi akaja. Mwanamke! Wa miaka thelathini na kitu, ovaroli ya bluu, kilemba kimefungwa sawasawa, ngazi yake begani peke yake. Jirani yetu Mama Redio, ambaye habari zikimkosa huzitengeneza, akaita juu ya ukuta, "Karibu fundi! Pole na mzigo, fundi!" Mara mbili kwa pumzi moja. Nikafurahi, na papo hapo ikanichoma kidogo hapa kifuani. Sifichi.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tuliambiwa anakuja fundi," Mzee Shoti akasema.

"Ndiye huyu amefika, mzee."

"Hatua zako nyepesi. Vizuri. Hutavunja dari."

Fundi akafungua sanduku la kurekodi, akapiga mluzi. "Mzee, hili lilirekodi gharika ya Nuhu?"

"Nuhu mwenyewe alipita," mzee akajibu, "ila kwenye picha hatukumtambua."

Wakacheka, na kuanzia hapo wakawa marafiki. Fundi akavuta nyaya nne kutoka nyuma ya sanduku, akakwaruza moja kwa kisu. Akakwaruza tena.

"Hii ni shaba tupu mpaka ndani. Siku hizi wanapaka shaba juu, ndani chuma. Bosi," akamgeukia Meneja, "huu waya ni mzuri kuliko nilionao kwenye gari. Kuna kamera za sasa zinaleta picha safi kwa waya huu huu wa zamani. Tunabadilisha kamera, sanduku na vichwa vya mwisho wa waya. Ukuta hauguswi."

"Mimi nimeambiwa cha zamani kitolewe chote."

"Aliyekuambia anauza waya, nini?"

Meneja akakohoa. Fundi akaendelea, "Lakini waya uwe mzima. Kamera za zamani zilikuwa na uvumilivu. Hizi mpya hazina. Mkiwa na kiungo kibovu ndani ya ukuta, hupati kitu."

Mzee Shoti akapiga mkono wa kiti. "Nyumba hii haina kiungo! Uliza mtaa mzima! Muulize huyu!"

Wote wakanigeukia. Nikajifanya nafuta meza.

"Basi tukubaliane," Meneja akasema. Alikuwa anafurahi, namjua. "Tujaribu nyaya za baba. Ikikataa hata moja, waashi wanaingia Jumatatu, wanachimba zote, na mama habishani. Sawa, mama?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Kiburi changu kikawahi kujibu kabla yangu: "Sawa! Leo utatuomba radhi sote wawili."

Kazi ikaanza. Kwanza ikabidi kujua waya upi unakwenda wapi. Zamani mzee aliandika namba kwenye vikaratasi, lakini mende walikula gundi, vikaratasi vikaanguka. Fundi akataka kuanza kujaribu mmoja mmoja, mara akaona kila waya umefungwa uzi.

"Hizi nyuzi nani kaweka?"

"Mimi. Mwekundu geti. Mweupe varanda. Kijani ubavuni. Mweusi nyuma. Na kule kwenye kamera utakuta uzi huo huo."

"Kwa nini uzi, mama?"

"Sikujua kuandika."

Akanitazama kidogo. "Mimi najua kuandika, na wiki iliyopita nimepoteza nusu siku kutafuta waya." Nikajiona nimerefuka kidole kizima.

Akafunga vichwa vipya kwenye ncha zote, akaweka kamera, akawasha. Geti likatokea. Mungu wangu! Kufuli lenye kutu, na kutu yenyewe naiona! Nikaanza kumsimulia mzee, "Geti linahitaji rangi, miaka yote hii umenificha." Varanda ikaja. Ubavuni ikaja, nikaona hata mjusi anavyopandisha kichwa na kushusha.

Ya nyuma, giza.

Fundi akatoa kamera ya nyuma akaifunga kwenye waya wa geti. Ikaleta picha. Akairudisha kwenye waya wenye uzi mweusi. Giza. Akashuka, akajifuta mikono polepole. Hakutaka kusema, nikaona.

"Kamera nzima. Sanduku zima. Ni waya."

Meneja alikuwa ameshatoa simu. "Haya mama. Neno ni neno. Nawaambia waashi Jumatatu saa mbili."

"Haiwezekani," mzee akasema. Aliinuka nusu, mkono unatafuta ukuta. "Waya wa nyuma ni mzima. Niliufunga ncha mwenyewe, pande zote mbili." Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Mzee Shoti, ambaye ameng'ang'ania ngazi akipigwa na umeme mara tatu asitetemeke, leo anatetemeka kwa sababu waya wake umemuumbua mbele ya mwanawe. Na wala haukuwa wake.

Nikaona mambo mawili tu mbele yangu. Ninyamaze, kuta zote zichimbwe, naye aende kaburini akiamini mikono yake ilikosea. Au niseme.

"Weka simu," nikamwambia Meneja. "Kiungo kipo. Kimoja. Kiko juu ya mlango wa stoo, nimekifanya mimi."

Hata Mama Redio, aliyekuwa nyuma ya ukuta anajifanya anaanika, niliusikia ukimya wake.

Mzee akaketi tena. "Waya ulikuwa pima kumi na nane."

"Nilikata kumi na nane."

"Basi ulitosha."

"Nilikata zangu."

Akafikiri. Niliona midomo yake inahesabu. Kisha akafumba macho yale yasiyoona. Ningepigwa kofi ingekuwa afadhali.

"Mama," Meneja akasema, sasa kwa upole, "miaka yote hiyo?"

"Kumi na tisa. Wewe uliwahi kuvunja redio ya baba yako ukamsingizia paka, na paka alikufa na kosa lako. Niletee patasi na nyundo."

"Nitapanda mimi," fundi akasema.

"Nilikificha mimi, nitakifukua mimi. Kuta nyingine haziguswi. Kama kiungo ndicho kibovu, kinatolewa pale pale, waya unaungwa sawasawa, basi."

Nikaiburuta ngazi yetu ya zamani ya mbao. Nikaisimamisha mlangoni pa stoo. Ikayumba. Nikauliza, "Nani ananishikia?" Meneja akanyanyua mguu, lakini nikasikia kiganja kinasugua ukuta. Mzee anakuja. Kona, swichi, ufa, fremu ya mlango. Akaipapasa ngazi, akaishika kwa mikono miwili, akaweka mguu kwenye kidato cha chini.

"Panda," akasema. Neno moja tu.

Nikapanda. Miaka thelathini na moja nimemshikia yeye, leo kwa mara ya kwanza nilijua huko juu kunavyokuwa, ukijua aliye chini yupo. Nikagonga kidogo kidogo, vumbi linamwangukia kichwani naye hasogei. Saruji ikatoka vipande. Waya huu hapa, na tepu yangu nyeusi. Nilikuwa nimeacha ulegevu kidogo; nikauvuta chini, nikakata tepu kwa kisu.

Ndani kulikuwa kunang'aa kama jana.

"Kuna nini?" mzee akauliza kutoka chini.

"Gusa mwenyewe."

Akainua mkono. Akakishika kiungo kwa vidole viwili, akakizungusha, akapitisha ukucha kwenye lehemu. Akarudia. Alikaa nacho muda mrefu, utadhani anasoma.

"Nani alikufundisha kulehemu?"

"Wewe."

"Mimi sikukufundisha."

"Nilishika ngazi. Macho sikuyafumba."

Fundi akaleta kipimo chake, akagusa upande huu na upande huu, akatazama, akagusa tena. "Kiungo hiki hakina kosa. Kinapitisha vizuri kabisa."

"Sasa giza linatoka wapi?" Meneja akauliza.

Mzee Shoti akainua pua. Naapa alinusa. "Rudi kwenye ncha, mwanangu. Tumevamia chumbani, na mwizi yuko mlangoni."

Fundi akaenda kwenye sanduku, akafungua kile kichwa kipya alichokifunga asubuhi kwenye waya wenye uzi mweusi. Akakisogeza kwenye mwanga. Akaguna. Uzi mmoja wa shaba ya nje, mwembamba kama unywele wa mtoto, ulikuwa umejikunja ndani ukaigusa shaba ya kati. Mmoja tu.

"Mzee," akasema, "ni mimi. Nilishuku waya kwa sababu ni mzee. Ningeanza kwenye kazi yangu mwenyewe."

"Shoti," mume wangu akasema. Furaha yake! Kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. "Nilijua hapa kuna shoti."

Nikamwambia fundi asijilaumu peke yake. Yeye alishuku waya mkongwe, mimi nilishuku roho yangu, na sote tukaenda kubomoa mahali pazima.

Akakata unywele ule, akafunga upya, akawasha. Kamba ya nguo ikajaa runingani. Nikahesabu vibanio: kumi na vinne, kimoja kimevunjika mguu. Na juu ya ukuta, wazi kama picha ya kitambulisho, kichwa cha Mama Redio kimenyooka kutusikiliza.

"Mwambieni anaonekana," mzee akasema. Meneja akamwita kwa jina lake la mtaani, kichwa kikazama.

Meneja akatuomba radhi, kama nilivyotabiri, sote wawili. Simu aliirudisha mfukoni. Waashi wakapata Jumatatu ya mapumziko. Fundi alitaka kuziba kishimo changu kwa saruji, nikakataa. Nikamwambia aweke kifuniko cha plastiki kinachoona ndani. Kipo mpaka leo. Mgeni akija naye ana dakika mbili, namwonyesha. Asiyekuwa nazo namwonyesha pia.

Fundi akafunga begi lake, akaweka ngazi begani, akaaga. Alikuwa amefika getini mzee alipoita kwa nguvu:

"Fundi!"

Akageuka haraka. "Naam, mzee."

"Sio wewe, mwanangu. Wewe nenda salama. Namwita huyu mwenye mikono mifupi. Aje turudishe ngazi."

Nikaenda. Yeye alikuwa ameshaishika, amesimama nyuma. Nikashika mbele.